Mume Wangu Wanamwita Injinia, na Spana Nazishika Mie

Asalaam alaykum. Admin, nifiche jina na mtaa, maana mji wetu huu wa Unguja mtu akipiga chafya mtaa wa Amani huitikiwa Forodhani. Mie ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mke wa mtu, mama wa watoto watatu. Mume wangu huko barazani wanamwita Injinia. Mkicheka sitowalaumu, hata mie nnacheka, ila kicheko changu kina uchungu.

Nianze na gari. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi. Hakujaaliwa mtoto wa kiume, akanitia spana mkononi tangu nna miaka tisa. Kabla hajafariki alinipa gari yake ya Kiingereza ya zamani, ile yenye mgongo wa kobe, na injini yake ile ile iliyoshuka nayo melini. Tunaikodisha kubebea maharusi. Mwaka juzi ikazima na bibi harusi ndani, kwenye kilima cha Masingini. Wanaume wakakunja kanzu zao wakaisukuma mpaka juu, na mtoto wa watu jasho linamtoka, wanja unamshuka mashavuni. Siku hiyo nilitamani ardhi inimeze.

Mume wangu akasema dawa ni kuing'oa injini tutie ya Kijapani. Nikamwambia atang'oa roho yangu kwanza. Basi akaenda kununua ekzosi pana, bomba la kutolea moshi, akafungiwa na vijana wa gereji, akarudi kifua mbele. Gari ikawa inanguruma mtaa mzima unageuka, na kilima haipandi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na mie ndani ya nyumba nikawa nayo mawili.

Injini ya baba haikuwa mbovu, ilichoka tu. Kila Alasiri bwana akishakwenda barazani kunywa kahawa na kucheza dhumna, nafunga mlango wa ua, navaa suruali yake kuukuu, naifungua injini. Valvu, vile vizibo vya kuingiza hewa na kutoa moshi, nilizisaga kwa mkono, moja moja, mpaka zikakaa sawa. Njia za kupitisha hewa nikazilainisha. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, nikaipeleka kwa fundi wa mashine aliyefanya kazi na baba, akaikwangua kidogo, unene wa ukucha, ili mafuta yabanwe zaidi kabla ya kuwaka. Nikarekebisha kabureta, nikatia taimingi, cheche iwake kwa wakati wake. Wiki tatu nzima, na sikuweka kitu kigeni hata kimoja.

Nilipomaliza nikamwambia bwana yote niliyoyafanya. Siku ya kuijaribu tulikuwa watu watano ndani, mume wangu kwenye usukani. Masingini ilipanda kama inateremka. Mie nyuma nnalia kimya kimya kwa kumkumbuka baba. Mume wangu akageuka akaniambia, "Si nilikwambia ile ekzosi itasaidia?"

Baada ya siku mbili nilipita karibu na baraza nnakwenda dukani, nikamsikia kwa masikio yangu anawahadithia wenzake jinsi alivyoifungua injini mwenyewe, na mkono wake ulivyo mwepesi. Tangu hapo ndiyo Injinia. Akashonesha ovaroli la buluu. Kila akitaka kutoka, huchukua tambara langu la grisi akajipaka kidogo kwenye mkono wa lile ovaroli, kisha akavaa viatu akaenda zake. Wallahi siongezi neno.

Basi akatokea mzee mmoja wa Bwejuu mwenye gari kama yetu, nayo imechoka. Akaileta kwa Injinia. Siku hiyo mume wangu aliingia nyumbani mpole kama kaoshwa. Akaniambia, "Mke wangu, nisitiri. Nshampa mzee wa watu ahadi."

Tumefundwa kwamba mke na mume ni nguo, mmoja humsitiri mwenziwe. Nikamsitiri. Kazi nikaifanya yote, tena nzuri kuliko ya gari yangu. Lakini kabla sijakifunga kile kifuniko cha juu cha injini, nikachukua msumari nikaandika kwa ndani jina langu kamili na la baba yangu, na chini yake nikaandika kwamba kazi hii nimeifanya mie. Ningesema sijui kilichonipata, lakini nnakijua. Ni hasira.

Sasa mzee kafurahi kupita kiasi. Kesho Ijumaa baada ya Alasiri anaileta gari yake barazani, na kawaalika wenziwe wote wenye magari ya kizamani, Injinia awafungulie kile kifuniko awaeleze alichofanya. Chenyewe kinashikwa na nati mbili tu.

Leo mchana mume wangu kakaa mkekani na kalamu, ananiuliza majina ya vitu, anaandika kiganjani. Ati valvu ndizo zinazopitisha maji? Nikamtazama, miaka kumi na sita ya ndoa ikanipita machoni. Mwisho akauliza, "Na nikikifungua kifuniko, watu wataona nini?"

"Wataona kazi ya fundi," nikamjibu. Akafurahi, akaniombea dua.

Hiyo dua ndiyo iliyonichoma, maana mtu mwenyewe si mbaya. Hajawahi kunipiga wala kunitukana, ni mtupu tu. Nikimwambia, atakwenda kwa mzee alfajiri alikwangue jina langu, na mie nitabaki mke wa Injinia mpaka nazikwa. Nikinyamaza, ataaibika mbele ya mji mzima, na mume akiaibika, anayelala na aibu hiyo ni mke.

Nishaurini ndugu zangu, niseme au niache afungue? Ovaroli nshalipiga pasi. Na tambara la grisi kaniomba nimuwekee karibu na mlango, asije akalisahau.