Kinga ya Bati na Upepo wa Newala

Jua halijavuka bado milima ya mawe ya Masasi, na Benedikto Nangomwa amekwisha piga magoti mbele ya pikipiki yake. Anaishika kinga ya upepo kwa mikono miwili, anaitikisa. Haichezi. Anakaza boliti moja tena, kwa kutoiamini tu.

Nyuma ya kiti amefunga sanduku la chupa za dawa zilizozungushiwa sufi. Zinakwenda zahanati za Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Hiyo ndiyo kazi yake tangu mwaka 1951, na leo, mwaka 1957, kazi hiyo inaning'inia.

Mwezi uliopita alianguka kwenye mpando wa Newala, pale barabara inapoukwea uwanda. Chupa zote zilivunjika. Msimamizi wake alimwambia maneno machache: akianguka tena, pikipiki atapewa mtu mwingine.

"Sikubishana," anasema. "Ningebishana nini? Dawa imemwagika mchangani, na mimi nimelala kando yake."

Hakuwa amelewa wala hakukimbia. Kilichomwangusha ni kinga yenyewe.

Aliitengeneza kifua kilipoanza kumbana kwa vumbi na baridi ya asubuhi: bati chini, plastiki angavu juu, vyote kutoka mabaki ya matrekta ya mradi wa karanga uliokufa kule Nachingwea. Kifua kikapata nafuu. Lakini kinga aliifunga kwenye usukani. Kwenye tambarare haikumsumbua. Ukingoni mwa uwanda, upepo wa bonde la Ruvuma ulipoipiga ubavuni, uliigeuza kinga, kinga ikageuza usukani, na gurudumu la mbele likaenda ulikotaka upepo.

"Kama mtu ananinyang'anya usukani mkononi," anasema.

Alijaribu kuing'oa. Akarudi anakohoa hadi anainama.

Sasa ameihamishia kwenye fremu, mbele ya tangi, ili usukani ugeuke bila kuigusa. Juu ameikata ifike puani, atazame juu ya ukingo wake. Chini ametoboa matundu, hewa ipenye kidogo, isijikunje nyuma ya kinga na kumtikisa kichwa njia nzima.

Benedikto, mwenye miaka hamsini na miwili, anaishi peke yake. Mkewe, Anastasia, alifariki. Binti yao, Ida, ameolewa Lindi. Njiani nako yu peke yake. Huku mtu hapiti wenzake bila kuwasalimu, lakini pikipiki haingoji kuitikiwa. Nyuma ya ile kinga ndefu yenye vumbi, hata uso wake haukuonekana. Watu wakaacha kumpungia mkono.

"Unasalimia, sauti inabaki ndani ya bati," anasema. "Unafika Newala hujaongea na mtu tangu jana."

Leo ni safari ya kwanza tangu aihamishe. Kwenye mpando, upepo unampiga. Pikipiki yote inasogea kando, kama mtu aliyepigwa kikumbo sokoni, lakini usukani unabaki wake. Anapunguza mwendo, anauegemea upepo, anapita.

Sokoni Newala, Mama Dominika, muuza mihogo, anamwona kwanza.

"Shikamoo, Baba Ida!"

"Marahaba, Mama Dominika."

"Kumbe una macho! Sisi tulidhani bati linajiendesha lenyewe."

Wanawake wenye ndoo tupu, wanaongoja maji, wanaangua kicheko.

"Macho ninayo. Msiyatazame sana, yamejaa vumbi."

"Tukuoshe na nini, baba, na maji yenyewe hatuna?" anasema mmoja wao.

Anafungua sanduku, anapapasa ndani ya sufi. Chupa zote nzima. Anashusha pumzi, lakini hacheki. Kusi, msimu wa upepo wa kusini, ndiyo kwanza imeanza, na lazima ateremke kabla upepo wa leo haujapata nguvu.

Mama Dominika anamkabidhi kipande cha muhogo wa kuchoma. Anakila akiwa amesimama.

"Nikiimaliza kusi hii sijaanguka," anasema, "nitamwomba msimamizi niwe nalala Newala siku moja kila wiki. Sitaki kitanda kizuri. Nataka asubuhi mtu aniulize nimeamkaje."