Mpishi Aliyeshibisha Timu Mbili

Taarifa ya kifo cha mpishi wa timu yetu ya kriketi ilinikuta dukani, mtaa wa Alief, nimeshika vitunguu mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Houston lilikuwa limeshatuma tangazo la gari linalouzwa na video ya mbuzi anayecheza muziki, kisha likamleta yeye: amefariki usingizini, atazikwa kesho baada ya sala ya adhuhuri. Niliviacha vitunguu palepale kwenye kaunta nikaenda kukaa ndani ya gari. Nililia, tena si kidogo. Wasomaji wa safu hii mmezoea ulimi wangu mkali, na leo naomba mnivumilie kwa sababu hauna makali yoyote. Hakuwa ndugu yangu, wala sikuwahi kuingia nyumbani kwake. Tulijuana kwa msimu mmoja tu wa mchezo ambao hadi leo siuelewi, naye alikuwa ameshanieleza sheria zake mara kumi na moja.

Wengi mnakumbuka kiangazi cha 2019, ligi mpya ya kulipwa ilipotuletea timu hapa Houston. Mwenye timu, mfanyabiashara mmoja mwenye haraka, aliandaa kila kitu: jezi zinazometa, wanasheria wawili, hata mtu wa kupiga ngoma kila mpigaji wa mpira anapotolewa mchezoni. Kitu kimoja tu kilimpita, kwamba wageni wanaosafiri saa nne kwa gari kutoka Dallas au Fort Worth hufika na njaa. Nahodha wetu, Mhindi wa Nairobi anayeongea Kiswahili kizuri kuliko baadhi ya watoto wangu, ndiye aliyemkumbuka marehemu. Zamani kule Tanga marehemu alikuwa mpishi wa klabu ya kriketi. Hapa Houston alipika katika nyumba ya kutunzia wazee, chakula kisicho na chumvi, mafuta wala pilipili, kwa amri ya madaktari. “Siku tano kwa wiki napika maji ya moto yenye rangi,” aliniambia siku ya kwanza. “Nipe Jumamosi moja nipike kama mtu aliyezaliwa na mama.” Akapewa Jumamosi zote. Na kwa kuwa sisi Watanzania hatuwezi hata kuhamisha kochi bila kuunda kamati, ikaundwa Kamati ya Ukarimu. Yeye mwenyekiti, mimi katibu, na mhazini ambaye hakuwa na kitu cha kuhazini ila alihudhuria vikao vyote.

Kamati ilikuwa na sheria moja, naye aliileta kutoka Tanga bila kuipunguza hata neno. Mgeni anakula kwanza, anakula akashiba, na mwenyeji hagusi sahani mpaka mchezo uishe. Basi saa saba mchana wageni wakiteremka garini, wanakuta hema, sufuria tatu za pilau ya mbuzi, maharage ya nazi, kachumbari na achari ya embe. Saa tisa mchezo unaanza. Sasa hawa vijana ni wachezaji wa kulipwa, wana wataalamu wa lishe wanaowapimia karanga. Mmoja wa Dallas alifunika sahani yake kwa viganja viwili, akaomba kwa unyenyekevu asiongezwe. Marehemu alimtazama kwa huruma, akanigeukia. “Huyo anaona haya. Mwongeze.” Nikamwongeza. Kwetu mgeni anayesema ameshiba hajasema kitu bado, na hakuna hata mmoja katika kamati aliyefikiri kwamba mtu anaweza kusema hivyo akamaanisha hivyohivyo.

Matokeo mnayajua. Nyumbani hatukufungwa, ugenini hatukushinda. Mimi, kwa ujuzi wangu wa michezo, niliandika katika safu hiihii kwamba siri ya timu ni mazoezi ya miguu, na mwalimu wa timu akaikata makala ile akaibandika kwenye friji yake. Aliyeijua siri mapema alikuwa mama mmoja Mkongo wa mtaa wa Sharpstown, anayefungasha mizigo kwenye ghala, ambaye Jumamosi alikuja kutusaidia kukatakata nyama. Siku moja alisimama na kisu mkononi akitazama wageni wanavyojikokota uwanjani. “Papa,” akamwambia marehemu, “bale bageni habashindwe na mupira. Banashindwa na muchele.” Marehemu alicheka mpaka akavua miwani, akaendelea kusafisha iliki. Alidhani anasifiwa upishi.

Ikafika mechi ya mwisho, dhidi ya Fort Worth. Mwenye timu alishatamka kwamba tukishinda timu inabaki msimu wa pili, tukishindwa anaifunga, basi. Kwenu huenda hilo ni jambo dogo. Kwa marehemu lilikuwa kubwa kuliko alivyopenda kuonyesha. Tukiwa tunapanga sufuria aliniambia bila kuniangalia usoni, “Kule kazini mimi ni mtu wa jikoni. Jumamosi watu wananiita kwa jina.” Nikajifanya nahesabu vijiko. Hapo ndipo nahodha alipoingia hemani, furaha imemjaa, akamshika bega.

“Mzee, hawa wasee wa Fort Worth wakikuja, waongezee nyama poa sana. Wakishiba vile wenzao wamekuwa wakishiba, sisi tuna-win bila stress.”

Marehemu aliweka mwiko chini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kuiona mikono yake haina kitu.

“Kwa hiyo msimu mzima nilikuwa nawanenepesha watu kama mbuzi wa Idi?”

“Si hivyo, Mzee. Ni game tu.”

“Game ni yako. Pilau ni yangu.”

Nahodha alipotoka nilitoa ushauri wangu wa kikatibu, kwamba dawa ni rahisi, wageni wapunguziwe kidogo. Marehemu alinitazama akaniuliza nililelewa na nani. Kumpunguzia mgeni hawezi, kumshibisha ili apigwe hawezi, na timu anaitaka kwa moyo wake wote. Akakaa juu ya boksi la soda, ameshika tama. Kisha akaagiza sahani zote zirudishwe kwenye gari, akatoa masinia makubwa, akatamka uamuzi wa mwenyekiti: leo wenyeji na wageni watakula pamoja, sinia moja watu wanne, wawili wa huku na wawili wa kule. Nahodha alikuja kumsihi kwamba wachezaji wake wale tonge mbili tatu tu. Akaambiwa akae, anawe. Na mnaijua adabu ya sinia, mtu hali minofu peke yake, anaisukuma upande wa mwenzake. Wetu walisukuma, Fort Worth wakaona ni ustaarabu wakarudisha, na hapo ikawa vita ya heshima ambayo hakuna aliyetaka kushindwa. Waamuzi wawili nao walikuwa na sinia lao.

Nimeona misiba yenye mwendo wa kasi kuliko mechi ile. Mpira ukipigwa mbali, walinzi wawili wa Fort Worth walitazamana kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kuukimbilia. Mrushaji wetu alipunguza hatua za kuanzia kutoka kumi na tano hadi tatu. Mwamuzi mmoja aliomba kiti, akaletewa, mwenzake akaona wivu. Mpiga ngoma, ambaye pia alikula, alilala juu ya ngoma. Hata hivyo mwisho ulifika, na tukahitaji mikimbio mitatu kwa mpira mmoja, maana yake nahodha na mwenzake wapishane katikati ya kiwanja mara tatu. Nahodha aliupiga vizuri, ukaenda kando kabisa. Mara ya kwanza walipishana kwa heshima. Mara ya pili nahodha alifika katikati, akashika ubavu, akaanza kutembea. Mpira uliorudishwa ulikuwa unabingirika polepole, tuliuona sote, na bado ulifika kabla yake, akatolewa, tukashindwa. Nilimtazama marehemu. Alikuwa amejikaza kisabuni, ameanza kukusanya masinia.

Mwenye timu aliifunga timu wiki ileile, hema likarudi kwa wenyewe. Nahodha hakumpigia marehemu simu tena. Nami nakiri nilimkasirikia huyo mpishi wetu, maana Jumamosi zangu zilirudi kuwa za kufua nguo. Nilimpitia siku moja nje ya kazi yake, akiwa amevaa ile aproni nyeupe ya chakula kisicho na chumvi, nikamuuliza kama hajuti. “Najuta kila Jumamosi,” akasema. “Lakini Fort Worth nzima hakuna mtu atakayesema nilimkaribisha mezani ili nimpige.” Nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo. Katika nchi hii tunakula tukiendesha gari, kila mtu na mfuko wake mapajani, na ofisini tunapeleka keki kwa bosi tukiwa na ombi mfukoni. Mimi mwenyewe nimewahi kumlisha afisa wa shule samaki wa kupaka ili mwanangu abadilishiwe darasa. Alibadilishiwa. Samaki yule sikumsikia ladha.

Siku ya mazishi nilitegemea watu kumi na tano, jamaa wa msikitini na kamati. Tukiwa tunateremsha mwili, magari matatu yenye vumbi la safari yalipaki kando ya makaburi, wakashuka wanaume wengi warefu waliovaa nadhifu. Walikuwa Fort Worth, karibu timu nzima. Wameondoka kwao alfajiri. Hawakujua dua zetu, wengi si Waislamu, ila walijipanga mstari wakasubiri zamu ya koleo. Nahodha wetu alikuwapo pia, macho mekundu, hajapata hata nafasi ya kumwomba radhi. Nilimpokea koleo akasimama pembeni yangu akiwatazama wale watu wakifukia, mashati yamelowa jasho.

“Tungewa-beat kwa ile plan yangu,” akasema, “leo tungekuwa hapa sisi peke yetu.”

Alikuwa amesema kweli. Msimu mzima nilikuwa nauliza Jumamosi jioni nani kashinda, na sasa nimeiacha tabia hiyo. Naangalia kama yule niliyeshindana naye ataweza kuja nyumbani kwangu kesho yake bila kusita. Kwa marehemu walikuja kutoka mwendo wa saa nne, na tulikuwa wengi kiasi kwamba kaburi lilijaa kabla zamu yangu ya pili haijafika.