Vidole Nyuma ya Mgongo

Juzi kwenye simu nilimwona yule mama wa Kithai aliyekuwa akicheza tenisi ya wawili wawili. Amestaafu, sasa anafundisha watoto. Nikakumbuka Jumapili moja ughaibuni, nyumbani kwetu mtaa wa Saltley.

Nyumba ilinukia chapati na nguo zilizotoka kupigwa pasi. Mimi na dada yangu Mumbi tulikuwa tuimbe mbele ya kanisa, na mimi niliogopa kusahau maneno. Kwenye TV, yule Mthai alisimama karibu na wavu, akapeleka mkono nyuma ya mgongo na kumwonyesha mwenzake vidole viwili. Nilidhani anamwambia kwa siri kwamba anaogopa.

"Zimeni hiyo kitu," Mama akasema. "Wazungu wameshamaliza ibada yao, ni zamu yetu."

Kanisani, jengo tulilotumia kwa zamu na Wazungu, bado kulikuwa na harufu ya kahawa yao. Tulipofika ubeti wa pili, maneno yakanipotea. Nikapeleka mkono nyuma, nikanyoosha vidole viwili. Mumbi akavishika, akaimba sehemu yangu pamoja na yake mpaka nikaweza kuendelea. Kusema haki, aliiimba vizuri kuliko mimi.

Huenda sikumbuki yote sawasawa. Ila siku hizi najua vile vidole humweleza mwenzako apige mpira upande gani. Nikampigia Mumbi kumwambia.

"Hiyo nilijua hata siku ile," akasema.

"Sasa mbona ulinishika vidole?"

"Wee, si vilikuwa vinatetemeka?"