Baba Yetu Moja Kabla ya Kuzima

Watu wa Same walimjua Elibariki kwa kirikuu, kigari chake cha kubebea tangawizi, lakini mwenyewe alitamani ajulikane kwa Subaru. Lilikuwa Subaru la turbo, zamani jeusi, sasa kijivu, limekaa nyuma ya nyumba chini ya mwarobaini, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Alilinunua likiwa limekufa. Kila Jumapili akitoka ibadani alivua shati la kanisani, akainama kwenye injini mpaka chakula kikapoa.

"Mama," alimwambia Bi Rogathe kila alipopanda Bombo, kijijini kwao mlimani, "siku nikija nalo, utalisikia kabla hujaliona."

"Basi nitazeeka nimetega sikio," mama alijibu.

Bwana alimwita Elibariki kabla ya Kwaresima. Injini alikuwa ameshaifunga yote, ila ilikuwa kavu, haina tone la oili wala la maji. Mama hakuomba mengi. Alisema tu kwamba siku ya kuweka msalaba kaburini, gari la mwanawe lifike Bombo kwa miguu yake, si kwa kuvutwa.

Kazi ikamwangukia Agape, mdogo wake Elibariki, fundi cherehani. Jumapili zote zile yeye ndiye aliyekuwa akimpa kaka yake spana, huku akimcheka. Sasa aliogopa, kwa sababu neno moja la kaka lilikuwa limemkaa kichwani: "Cherehani ikikosa oili inalia, Agape. Turbo haikulilii. Inakufa kimya." Akikosea siku ya kwanza, kazi yote ya Elibariki ingeungua kwa dakika moja.

Alimwita Lembris, dereva mwenzake Elibariki, mtoto wa wafugaji wa huko tambarare. Lembris alifika akamkuta Agape ameshika dumu la oili alilolikuta stoo.

"Hii aliiacha mwenyewe," Agape alisema. "Tuitie hii."

Lembris aliimimina kidogo kidoleni. "Hii ni ya kirikuu, nzito kama asali. Wapare jamani, kwa ubahili! Hata kitu cha marehemu hamtaki kipotee?"

"Na nyie Wamasai mngeitilia maziwa."

"Lingetembea," alisema Lembris, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi Agape alicheka mpaka akajifuta macho.

Dukani kwa Sabrina, muuza spea karibu na stendi, ubishi ulianza upya. Sabrina alisukuma mbele oili nzito. "Gari chakavu na joto hili la Same, dada, weka nzito. Wote wanaweka."

"Wote hawana turbo," Agape alisema. Alikumbuka kaka akimwonyesha kimrija cha kupeleka oili kwenye turbo, chembamba kama sindano ya cherehani: oili lazima ipite pale upesi, injini ingali ya baridi. "Nipe nyepesi, ile ya tano thelathini. Na filta mpya, na gasketi ya mrija wa turbo. Hii ya zamani niliyoleta kama sampuli usinirudishie hata nikikuomba."

"Mpare huyu kabadilika," Lembris alimnong'oneza Sabrina.

Waliporudi nyumbani walikuta dumu la maji mlangoni. Mama alikuwa amelituma kwa gari la tangawizi, na maagizo: gari la mwanangu lisinywe maji ya chumvi ya Same, linywe ya kwetu.

Lembris alikuna kichwa. Rejeta ilitaka kulanti, maji ya dawa ya kupozea injini. Maji matupu yangeleta kutu, yawe ya mlimani au ya bombani. Agape alilitazama dumu lile, limefungwa kwa jani la mgomba kama maziwa ya mtoto. Kuyamwaga asingeweza, na kumdanganya mama asingeweza.

"Tuoshee injini kwanza," alisema mwishowe.

Wakayapitisha maji ya Bombo kwenye rejeta na ndani ya injini. Yalitoka mekundu kwa kutu, halafu kahawia, halafu meupe. Ndipo wakatia kulanti. Oili nayo wakaitia, wakadondosha kidogo kwenye mdomo wa turbo, wakatoa plagi, wakazungusha starta bila kuwasha mpaka oili ikafika juu. Agape aliomba kimoyomoyo, maneno yakamkwama kwenye "mapenzi yako". Wakarudisha plagi.

Gari liliwaka. Lilikohoa moshi, kuku wakatawanyika, kisha likatulia na kunguruma taratibu. Lembris alipeleka mkono azime.

"Acha!" Agape aliudaka mkono wake. "Turbo haizimwi ghafla, ipumue kwanza. Kaka alisema ipimwe kwa Baba Yetu moja, isiyo ya haraka."

Wakasimama wakaisema, Lembris akiwa amevua kofia.

Siku ya msalaba Agape aliendesha mwenyewe. Kaka ndiye aliyemfundisha, kwa kirikuu. Walipita Kisiwani na Maore, kisha njia ikaanza kupanda. Kwenye kona ya kwanza yenye mwinuko alikanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi, na gari likapanda kama linaitwa.

Bi Rogathe alikuwa ameshasimama uani walipotokea. Hakumsalimu mtu. Alikuja akaweka kiganja juu ya boneti yenye joto.

"Nimelisikia tangu kule chini," alisema. "Mbona huzimi, mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Kuna Baba Yetu kwanza. Kaka ndiye aliyepanga."

"Marahaba." Mama alifungua mlango, akaketi kiti cha mbele, akafumba macho. Alianza Baba Yetu polepole, akafika Amina, Agape akapeleka mkono kwenye ufunguo. Lakini mama hakunyamaza. Aliendelea kumshukuru Mungu kwa Elibariki, kwa utoto wake, kwa ubishi wake, kwa mikono yake iliyonuka oili hata siku ya kipaimara.

Agape aliurudisha mkono pajani. Mafuta yalikuwepo. Akaliacha gari lingurume mpaka mama amalize.