Fulana za Kwaya Kupanda Mgeta

Kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, Paskalia alirudi nyumbani kwao Bigwa akiwa na moyo usiojua kukaa bure. Zilikuwa zile enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mitumba imejaa soko la Morogoro hata njia za kupita zikawa finyu. Rafiki yake Mosi, fundi cherehani, alikuwa haletewi tena gauni la kushona. Watu walimpelekea mitumba tu, awapunguzie viuno.

"Mwenzangu," Mosi alimwambia siku moja, "watu wanavaa majina ya miji wasiyoijua hata iko upande gani. Tukiwachapia fulana zenye mambo yao, wataziacha?"

Paskalia alicheka, lakini neno lile lilimkaa. Jumapili baada ya misa akamfuata Mwalimu Dominiko, kiongozi wa kwaya. Kwaya ilikuwa ikijiandaa kupanda Mgeta kuimba kwenye jubilei ya kanisa la huko. Dominiko alilipenda wazo papo hapo. Akataka fulana nyeupe, kifuani mlima wa kijani, na chini yake ngoma nyekundu.

"Ila zisichuje, Paskalia. Waimbaji wangu wanatoka jasho kama wanalima."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mosi alitaka karatasi za kubandika kwa pasi, zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam. Picha yake ilimetameta kama bati jipya, na Dominiko alipoionyeshwa aliishika kwa vidole viwili asiiachie. Paskalia aliwaza kukata umbo la mlima na la ngoma kwenye picha kuukuu za eksirei, halafu apake rangi kwa brashi. Njia nyingine aliwahi kuiona kwa mchora mabango wa mjini: kitambaa chepesi cha pazia kinavutwa kwenye fremu ya mbao, lile umbo lililokatwa linabandikwa chini yake, kisha wino unasukumwa juu kwa kipande cha mpira. Mchora mabango aliiita skrini. Ilikuwa na usumbufu wake, maana kila rangi ilidai fremu yake.

Walibishana mpaka uji ukapoa. Mwishowe Paskalia akasema, "Tumpe mjomba avae zote. Huyo nguo haimdanganyi."

Mjomba Bartholomeo alilima kabichi Mgeta, na alipenda kupendeza kuliko vijana wa mjini. Aliposhuka sokoni na magunia yake, Paskalia alimpokea kwa shikamoo na fulana tatu, moja kwa kila njia.

"Marahaba, mpwa wangu. Nizivae wapi?"

"Shambani, mjomba. Mvua ikunyeshee, ubebe mizigo, na mama wa nyumbani kwako azifue mtoni kwenye jiwe kama kawaida yake."

Aliporudi safari nyingine, alifika akicheka kabla hata hajatua mzigo. Ile ya brashi ilikuwa imekakamaa kifuani kama ngozi ya ngoma, na mlima wenyewe umepauka kama wa kiangazi. Ile ya kubandika ilikuwa imekutana na pasi ya mkaa ya mkewe. Picha iling'oka, ikashika kwenye pasi, na alipoinyoosha suruali ya mumewe ya Jumapili, mlima ukahamia gotini.

"Nikaenda nayo kanisani hivyo hivyo," alisema mjomba. "Watu wawili wameniuliza nilikoinunua."

Mosi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaitandaza ile ya skrini mezani, akaipitishia kiganja. Ilikuwa laini, na kijani chake hakikuwa kimetoka mahali popote.

"Haya, umenishinda," alimwambia Paskalia. "Nipe mbao nitengeneze fremu."

Wakafanya kazi ukumbini kwa Mosi, Paskalia akisukuma wino, Mosi akiinua fremu na kutandaza. Fulana za kwanza ngoma ilikalia kilele cha mlima, mpaka walipopigilia vijiti mezani ili kila fremu ikae palepale. Baada ya hapo zilitoka vizuri, moja baada ya nyingine, na Paskalia akajikuta anaimba sauti ya pili ya wimbo wa jubilei.

Kumbe mvua ilikuwa inawasubiri. Milima ya Uluguru ilijifunika, ukungu ukashuka hadi Bigwa, na siku ya safari ilikuwa inakaribia huku wino ukinata vidoleni. Bila joto usingeshika. Paskalia alisimama mlangoni amekata tamaa, ndipo akaona moshi ng'ambo ya barabara. Pazi, jirani yao, alikuwa akichoma matofali, tanuri lake limeezekwa mabati.

Alivuka akiwa amejifunika khanga kichwani. "Kaka Pazi, nina nguo mbichi za kwaya. Naomba joto lako."

Pazi alimtazama, akalitazama tanuri. "Matofali hayana wivu," akasema. "Fungeni kamba. Msizisogeze karibu sana na moto tu."

Basi fulana zikapangwa chini ya mabati kuzunguka tanuri, Mosi na Paskalia wakizigeuza na kucheka kwa macho yaliyojaa moshi. Mpaka jioni wino ulikuwa umeshika. Fulana zilinuka moshi kidogo, lakini Dominiko alipozinusa alisema Mgeta nako kuna majiko.

Siku ya jubilei Paskalia alipanda na kwaya. Waimbaji walipoingia, kijani na nyekundu safu kwa safu, minong'ono ikapita kanisani. Baadaye uwanjani ngoma zilipolia, Mjomba Bartholomeo alicheza katikati ya duara na fulana yake, akijigeuza ili kila upande uione. Jasho lilimtiririka, na wino haukuhama.

Wakati wa chakula mama mmoja mkulima wa mpunga kutoka Dakawa, aliyekuja kwa ndugu zake, alimvuta Paskalia pembeni. Kikundi chao cha wanawake kilitaka fulana zenye suke la mpunga.

"Mpunga wa rangi gani, mama?" Paskalia akauliza. "Mbichi au uliokomaa?"

"Uliokomaa," mama akajibu. "Mbichi kila mtu anao."