Kioo Kinachokula Kingo

Ketrina alikuwa mwoga, na tuliseme hilo mapema ili asije akahurumiwa bure. Hakuogopa mbwa, wala madereva wa malori waliomfokea barua zao zikichelewa, wala wezi wa Tunduma waliong'oa bati la jirani mchana kweupe. Aliogopa kitu kimoja tu: macho yake mwenyewe.

Sababu alikuwa nayo. Mama yao, yeye na mdogo wake, kule Itumba, alipofuka kuanzia pembeni. Alianza kwa kujigonga bega mlangoni. Baadaye mtu aliyekaa ubavuni mwake akawa kama hayupo mpaka aseme. Mwishowe dunia yote ikabaki tundu, kama ya mtu anayechungulia ndani ya bomba, na alipotimiza miaka hamsini na miwili tundu lenyewe likaziba. Daktari akasema hiyo ni presha ya macho, ugonjwa unaotembea ndani ya ukoo, na watoto wake wapimwe kila mwaka. Ketrina alimwitikia daktari kwa adabu zote, kisha miaka tisa ikapita hajakanyaga hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini ni rahisi kumwambia mwenzako.

Kazi yake ilikuwa kuchapa. Mwaka tisini na moja alianzia barazani kwa watu, na mashine ya taipu, akiwachapia wafanyabiashara barua na mikataba. Kufikia 2014 alikuwa na kibanda chake mtaani Chapwa, kompyuta moja, na mdogo wake Rozi kwenye mashine ya kutoa kopi. Umri ulipogonga arobaini na minane, herufi zikaanza kumsumbua. Mwingine angenunua miwani. Ketrina aliona nyuma ya miwani kuna daktari, akaamua kununua kioo kikubwa cha kompyuta.

Akaenda dukani kwa Idrisa, muuza vyombo vya umeme.

"Mama Ruti, kwa kazi ya herufi chukua monita," Idrisa alimwambia. "Tivii ni ya kukaa mbali uangalie mpira."

"Bei je?"

"Zinalingana. Ila monita ni inchi ishirini na nne, na hii tivii ni thelathini na mbili."

"Basi kubwa ni kubwa, mwanangu. Nifungie tivii."

Aliichomeka mwenyewe kwenye kompyuta, kwa waya aliopewa na Idrisa. Ikawaka. Herufi zilikuwa kubwa kweli, ingawa zilikuwa na ukunguukungu kidogo. Akachapa barua moja, akafurahi. Kisha akatupa jicho chini kulia kutazama saa, na saa haikuwepo.

Akapepesa macho. Akatazama juu, kwenye kile kialama cha kufungia kazi. Nacho hakikuwepo. Kushoto, picha ndogondogo za mafaili zilikuwa nusunusu, kama zimekatwa kwa mkasi. Akaziba jicho moja, akaziba la pili. Katikati kila kitu kilionekana. Pembeni, pande zote nne, hapakuwa na kitu.

Imefika, alijiambia. Imefika, na imeanzia palepale ilipoanzia kwa mama.

Hakumwambia mtu. Aligeuza meza ili Rozi asikione kioo, akafanya kazi kwa kukariri. Siku ya pili alijigonga bega kwenye mlango wa kibanda, kwa sababu alikuwa anauogopa ule mlango badala ya kuutazama, na maumivu yakawa ushahidi mwingine. Alianza kutembea akipapasa ukuta. Usingizi ulimkimbia, chakula kikawa mchanga mdomoni. Aliutazama uso wa binti yake Ruti kwa muda mrefu, akiukariri, mpaka binti akauliza amekosa nini.

Siku ya tatu Rozi alimkuta amelaza kichwa mezani, analia.

"Dada! Nani amefariki?"

"Macho ya mama yamenifika, Rozi. Pembeni sioni. Hata saa ya kompyuta siioni."

Rozi aliinama, akakikodolea kioo. "Saa ipi, dada? Mbona hata mimi siioni?"

Ketrina aliinua kichwa. Hakuwahi kusikia maneno matamu kama yale. Wakampigia simu Idrisa, naye akaja, akakitazama kioo, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mama Ruti, si nilikwambia? Hii imezoea picha za mpira, inaikuza picha mpaka inakula kingo. Unaweza kuirekebisha, lakini huo ukungu hautaisha. Ngoja nikuletee monita."

Akaileta, akaiunga. Na saa ilikuwepo, chini kulia, saa nne na dakika kumi. Kialama cha kufungia kilikuwepo. Mafaili yalikuwa mazima. Ketrina alipiga kigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Akamvuta mdogo wake, akamkalisha kwenye kiti chake.

"Tazama, Rozi! Saa ile pale!"

Rozi alitazama katikati ya kioo, akitabasamu. "Iko wapi?"

"Pale chini, kulia."

"Ngoja niitafute." Akageuza shingo nzima, taratibu, kama anayemulika tochi gizani. Akapita juu, akashuka, akaipita, akarudi. Idrisa alicheka, akasema leo wameamua kumchezea. Ketrina naye alianza kucheka, kisha akaacha.

Aliusogeza mkono wake karibu na sikio la Rozi, akavichezesha vidole. Rozi hakugeuka. Akausogeza mbele zaidi, usawa wa shavu, akachezesha tena. Rozi aliendelea kuitafuta saa.

"Aa, hii hapa!" Rozi alisema kwa furaha. "Saa nne na robo. Nawe ulivyonitisha, dada!"

Ketrina aliushusha mkono. Ule woga wa siku tatu, aliokuwa anaujua kila kona, ulikuwa mdogo mbele ya huu mpya. Alizima mashine, akamwambia Rozi afunge kibanda, kesho asubuhi wanapanda basi la Mbeya, hospitali ya macho.

"Hospitali tena?" Rozi alishangaa. "Si tumeshaona ni tivii? Kwani nani anaumwa?"