Chupa za Fundi Saa

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika mtaani. Alikuwa Dakika, basi, kwa sababu kila mteja aliyemuuliza saa yake itakuwa tayari lini alijibiwa, "Dakika tu," hata kama dakika yenyewe ingechukua wiki tatu. Alikuwa fundi saa wa miaka sitini na mmoja, mwenye kibanda cha vioo kilichobanwa kati ya duka la dawa na mahali pa kutoa fotokopi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kiasi kwamba angeweza kuokota skrubu ndogo kuliko chembe ya sukari bila kuitikisa meza. Ila akitoka kibandani, wepesi wote ulimwisha. Nyumbani alijikwaa kwenye stuli, aliweka miwani kwenye friji, na mambo ya jikoni aliyaogopa kama mtu anavyoogopa ofisi ya serikali.

Jiko lilikuwa la mkewe. Mama huyu alikuwa ameshona mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na saba kabla ya kustaafu, na kwake kitu kilikuwa na hali mbili tu: kiko mahali pake, au kimeondoka. Waliishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, na maisha yao yalikwenda taratibu mpaka binti yao alipokuja kukaa nao wiki tatu za likizo.

Binti alikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi katika mji mwingine. Jioni ya kwanza tu, baada ya kula, alitandika magazeti sakafuni akaumwaga hapo mfuko wote wa taka, ili wazazi wake waone kwa macho yao wanatupa nini kwa siku mbili. Yalitoka maganda, chujio la chai, mifuko laini iliyojikunjakunja, pakiti za biskuti, na chupa nne ndogo za maji. Aliwaeleza kwamba plastiki haiozi kama ganda la ndizi, kwamba inakatikakatika tu na kubaki kwenye udongo na mitaro miaka nenda miaka rudi. Akauliza ni nani humu ndani anakunywa maji ya chupa kiasi kile. Mama yake akatazama ukuta. Dakika naye akawa anafuta miwani, maana alidhani swali si lake.

Alimsikiliza binti yake kwa moyo wote. Tatizo lake ni kwamba alielewa kila neno lilipokuwa linasemwa, kisha maneno yakikusanyika pamoja, yanampotea. Siku zilizofuata alikuwa akimfuata mwalimu huyo nyumbani mwake mwenyewe akiwa ameshika kitu mkononi. Alimletea mswaki akauliza kama nao ni kosa. Alimletea kalamu. Alimletea beseni. Binti alimjibu kwa subira kwamba kilichopo kitumike, ila wasikimbilie kununua kingine. Dakika akaitikia kwa kichwa, akaondoka, na alipofika mlangoni akawa hajui tena kama beseni linakaa au linakwenda.

Mkewe hakuuliza swali hata moja. Yeye alisikia neno plastiki, akasikia neno baya, akaelewa alivyoelewa.

Alhamisi, binti alikwenda kumtembelea rafiki yake wa chuo, Dakika akiwa kazini. Aliporudi saa kumi na moja jioni, Dakika alikuta jikoni kweupe. Rafu zilikuwa tupu. Majagi, mabakuli yenye vifuniko, madumu, ungo wa kuoshea mboga, vyote havipo. Mezani palikuwa na bilauri sita mpya, mitungi minne ya kioo na sufuria mbili za chuma zikiwa bado na karatasi zake. Mkewe alikuwa amekaa katikati ya ushindi wake, amechoka, uso umemng'aa.

"Nimemaliza," alisema. "Magunia sita, na yameshabebwa. Mwanao akirudi hatakuwa na la kusema."

Dakika akampongeza, kwa kuwa ndivyo ilivyoelekea kutakiwa. Kisha akapita sebuleni kwenda kuvua viatu, akaona ubao wa dirisha nao ni mtupu.

Pale dirishani, penye mwanga mzuri, ndipo alipokuwa akiweka vikopo vyake. Vilikuwa vikopo vya mafuta ya kujipaka, vya dawa, vya krimu, vyote vya plastiki, na ndani yake mlikuwa na vipuri alivyokusanya maisha yake yote. Katika kimoja, chenye mfuniko wa bluu, kulikuwa na saa ya mkononi iliyofunguliwa vipandevipande: saa ya marehemu mume wa mkunga mstaafu, mteja ambaye angekuja kuichukua Jumamosi. Dakika alikuwa ameileta nyumbani kwa sababu umeme wa kibandani ulikuwa umekatika siku mbili.

Alimwambia mkewe kikopo kile kilikuwa na nini. Mkewe akashika shavu. Alisema aliona vyumachuma, akadhani ni uchafu kama uchafu mwingine wa kazini anaouletaga. Dakika hakuelewa anamaanisha uchafu gani mwingine, lakini haukuwa wakati wa kuuliza.

Binti aliporudi na kuelezwa, alikaa kwenye stuli kama aliyepigwa na butwaa.

"Mama, mimi nilisema tupunguze kutupa."

"Nimepunguza," mama yake akajibu. "Sasa hakuna tena cha kutupa."

Dakika aliwatazama wote wawili, huyu kisha huyu, akajaribu kulipanga jambo lile kichwani kama anavyopanga magurudumu ya saa. Walitakiwa kuacha kutupa plastiki. Kwa hiyo wametupa plastiki yote. Ili wasitupe. Kila alipolizungusha, lilikwama palepale. Usiku huo alilala akimsikia mkewe anageukageuka.

Asubuhi iliyofuata walikwenda wote watatu kwenye uwanja wa kukusanyia taka nyuma ya karakana ya magari. Mwenye kuchukua taka za jengo lao alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, anayevaa mabuti ya mvua jua na mvua, na watu walimwita Mama Viroba kwa ajili ya magunia yake. Kwa miaka minane alikuwa amepanda ngazi zao kila Jumatatu na Alhamisi, na Dakika alitambua kwa aibu kwamba hajawahi kusimama naye akazungumza zaidi ya salamu.

Mama Viroba hakushangaa kuwaona. Alisema alivyoyafungua yale magunia sita alijua kuna mtu kafariki au kuna mtu kahama, maana vyombo vizima namna ile havitupwi na mtu mwenye akili zake. Mke wa Dakika akatazama chini. Majagi na mabakuli yalikuwa tayari yameoshwa, yamepangwa juu ya turubai, na kuna mama lishe alikuwa amekwisha kuchagua manne. Kuhusu vikopo vidogo, Mama Viroba alieleza kwamba vyenye vifuniko huwa anaviosha na kuwapa wauza viungo. Vilivyokuwa na vyuma ndani alivimwaga kwanza.

"Ulivimwaga wapi, dada?" Dakika akauliza.

Akaonyeshwa debe. Lilikuwa nusu, lenye misumari, vizibo vya soda, sindano za cherehani zilizovunjika, nati, waya.

Basi fundi saa akavaa kioo chake cha kukuzia jichoni, akatoa kibano mfukoni, akakaa juu ya tairi bovu. Walitandika kanga ya mkewe chini, wakawa wanamwaga kiganja kimoja kimoja. Binti alitenga misumari, mama akatenga vizibo, na kile kidogo kilichobaki Dakika alikipitia kwa kibano. Hapo mikono yake ilijua cha kufanya, na kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze hakuwa na swali. Walikaa hivyo saa mbili na nusu, na wapita njia walisimama kumtazama mzee mwenye jicho la kioo akichambua jalala.

Mama Viroba alikuwa akifanya kazi yake kando huku akipiga soga. Binti alimuuliza, kwa kuwa ndiye anayejua, ni plastiki ipi inayomtesa zaidi. Mama Viroba akafikiri kidogo, akasema si plastiki. Ni maganda. Watu wanachanganya maganda na mabaki ya chakula na kila kitu kwenye mfuko mmoja, basi karatasi inaloa, kopo linanuka, na kitu ambacho kingepata mwenyewe kinaishia kuzikwa. Wangemtengea vya majimaji kando, nusu ya mzigo wake ingepata pa kwenda. Mwalimu wa sayansi akaacha mkono hewani, na msumari ndani yake. Wiki nzima alikuwa amezungumza, na habari ya maganda hakuigusa.

"Ila nyumba yenu naijua hata nikifumba macho," Mama Viroba akaendelea. "Ninyi ndio wa chupa za maji. Arobaini, hamsini kwa mwezi. Nilidhani mna mgonjwa."

Dakika akainua kichwa. Alisema kuna kosa, nyumbani kwake hanunui mtu maji, wanachemsha. Mama Viroba akasema basi labda chupa zinapanda ngazi zenyewe. Binti akamgeukia mama yake, na mama, ambaye alikuwa amevumilia lawama ile tangu jioni ya magazeti, akaona sasa inatosha.

"Mwulize baba yako. Ndiye anayezileta."

"Nakuletea wewe," Dakika akasema.

"Mimi? Mimi za nini?"

Ilibidi waliandame jambo lile kutoka mwanzo, pale pale juu ya kanga, na vizibo vya soda mapajani. Miaka kumi na moja nyuma, mkewe alikuwa amemwomba chupa ndogo ya kuwekea sabuni ya maji. Dakika akaleta moja. Kesho yake akaona si mbaya akileta nyingine, kwani alikuwa na desturi ya kununua chupa mbili za maji kila siku kutoka duka la dawa, moja yake, moja ya mteja anayesubiri. Akawa anaziweka, zikiwa tupu, nyuma ya mlango wa jikoni kila jioni, na asubuhi zikiwa hazipo alifurahi kwamba zinapata kazi. Mkewe, kwa upande wake, alikuwa ameamua kwamba kibandani hakuna pipa la taka, na kwamba mumewe anaona haya kutupa uchafu wake barabarani. Hakutaka kumwaibisha. Kwa hiyo kila usiku alizichukua kimya kimya akazitia mfukoni, na Jumatatu na Alhamisi zikashuka ngazi.

"Miaka kumi na moja," binti alisema.

Dakika aliangalia kibano chake. Kilichomchanganya hakikuwa wingi wa chupa, ingawa alishindwa hata kuzikadiria. Kilichomchanganya ni kwamba wote wawili walikuwa wakitendeana wema, kila siku, na matokeo ya wema wote huo yalikuwa lundo. Alitafuta ni nani wa kulaumiwa akamkosa. Mkewe alianza kucheka kwanza, taratibu, mabega yakitikisika, kisha akafuta macho kwa ukingo wa mkono wake usiokuwa na kutu. Dakika akacheka pia, bila kuwa na hakika anachocheka.

Kabla jua halijawa kali, saa ya mkunga ilikuwa yote kwenye leso, isipokuwa skrubu moja, na badala yake akatoa nyingine kwenye saa mbovu ya kibandani. Alilala macho Ijumaa akijiuliza kama amwambie mteja ukweli au anyamaze. Jumamosi mkunga alipokuja, mdomo ulimtangulia akasimulia kila kitu, hadi tairi bovu. Mkunga alisikiliza, akaiweka saa sikioni, akabaki nayo hapo kwa muda. Kisha akauliza kama huyo Mama Viroba anachukua na chupa za dawa, kwa sababu marehemu mumewe alimwachia kabati zima, na yeye hajajua azipeleke wapi.

Siku zilizobaki za likizo, mwalimu aliongea kidogo na kuuliza zaidi. Alikwenda na mama yake uwanjani wakakomboa majagi mawili na ungo. Ndoo yenye mfuniko ikawekwa kwa ajili ya maganda, na mfuko mkavu ukatundikwa nyuma ya mlango, pale pale palipokuwa pa chupa. Mkunga, mwenye kishamba cha mboga nyuma ya nyumba yake, akasema maganda anayataka. Kibandani, Dakika aliweka jagi la maji yaliyochemshwa nyumbani na bilauri mbili kati ya zile mpya. Wateja wengine walikunywa, wengine waliitazama bilauri kwa mashaka wakasema hawana kiu.

Taka zilipungua kweli. Mama Viroba alisema mzigo wao siku hizi anaubeba kwa vidole viwili, na tena ni mkavu. Dakika alifurahi kusikia, ila jikoni hakupata amani kamili. Binti alipokwisha kuondoka, alisimama jioni moja kati ya ndoo na mfuko akiwa ameshika pakiti tupu ya maziwa. Nje ilikuwa karatasi. Akaichana, ndani ilikuwa na utando unaong'aa kama plastiki, na chini ya utando kitu kama bati. Na pembeni ilikuwa na matone ya maziwa, kwa hiyo kwa namna fulani ilikuwa pia ya majimaji. Alimwita mkewe. Mkewe akaitazama, akasema amwulize mwanawe.

Akampigia simu, akamweleza kwa kirefu, tabaka kwa tabaka.

"Baba, hiyo hata mimi sijui," binti akasema. "Ikaushe kwanza. Nitauliza."

Dakika alimshukuru, akaiegemeza pakiti dirishani ikauke, akakaa. Alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa wiki nyingi.